Fomu ya Kuagizia Vifaranga

Wangui alipoacha ukarani katika shule moja ya Kitale ili atengeneze tovuti akiwa bosi wake mwenyewe, baba yake Ndirangu hakumgombeza. Alifanya jambo baya zaidi: alinuna. Kisha akaenda kwa mwalimu mkuu, akamsihi amshikie binti yake ile nafasi mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wangui akakubali, shingo upande, kwamba mteja wake wa kwanza akimkataa atarudi shuleni.

Mteja mwenyewe alikuwa Wilkista wa Bungoma, muuzaji wa vifaranga wa siku moja, mama asiyemung'unya maneno. Tovuti yake ilikuwa na wiki tatu sasa. Ilipendeza, hilo hata Ndirangu alilikubali. Taabu ni kwamba hakuna mtu aliyeagiza kifaranga hata mmoja. Alhamisi asubuhi Wilkista akapiga simu: "Kuja unieleze mwenyewe, ama tuachane."

Ndirangu akampeleka kwa pikapu yake ya kubebea kabeji. Alimhurumia mtoto wake kwa dhati na, tuseme ukweli, kajifuraha fulani kalimtekenya pembeni.

Wilkista aliwapokea dukani kwake kwa chai na lawama kwa pamoja. "Si ulisema watu wataagiza? Ama hii websaiti ni ya kuangaliwa tu, kama harusi ya watu?"

Ndirangu alingoja binti yake ajitetee. Angekuwa yeye, angeusingizia mtandao. Wangui aliomba kiti, akakaa mlangoni, akawatazama wanunuzi wakiingia na kutoka. Kisha akamwomba Nakhumicha, mkulima aliyetoka Bokoli, aagize vifaranga kwa simu yake mwenyewe huku yeye akitazama bila kumsaidia.

Nakhumicha aliandika jina vizuri. Alipofika kwenye barua pepe akakwama.

"Bana, imeili mimi sina. Na hapa ati inauliza nyumba namba ngapi, balabala gani. Kwetu kuna balabala gani? Nikiacha wazi inakataa."

Wangui alishika kichwa. Ndirangu naye kicheko kikamtoka bila kutaka, kwa sababu wao wenyewe kule nyumbani Kibomet huwaelekeza wageni kwa geti la bluu linalotazamana na kanisa. Namba ya nyumba hawajawahi kuwa nayo tangu babu yake Ndirangu ahamie huko. Na msichana aliyelelewa nyuma ya geti hilo alikuwa ameinakili fomu ya darasa alilojifunzia tovuti neno kwa neno!

"Kosa ni langu, Mama," Wangui alimwambia Wilkista mbele ya wateja wote. "Nilitengenezea watu nisiowajua, na nyinyi nawajua. Nipe saa moja tu."

Alifungua laptopu juu ya gunia la chakula cha kuku. Akafuta barua pepe, akafuta namba ya nyumba. Akaacha jina, namba ya simu na swali moja: Tukuachie wapi? Nakhumicha akajaribu tena, akaandika: Kwa kinyozi wa Bokoli, karibu na mashine ya kusaga. Mara simu ya Wilkista ikalia ndani ya aproni: agizo limeingia.

"Huyu kinyozi namjua!" Wilkista alipaza sauti. Hapo hapo akaituma fomu kwa kikundi cha akina mama wa kanisa lake. Chai ya pili haijaisha, maagizo manne yalikuwa yameingia, moja kutoka Cheptais, liachwe kwa Edah muuza nyanya.

"Wewe sasa ni wangu," Wilkista alimwambia Wangui. "Na dada yangu wa Webuye anataka websaiti yake."

Ndirangu alikuwa ameuza kabeji miaka thelathini, na hakukumbuka hata siku moja aliyomwambia mteja kwamba kosa ni lake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, watu husema, lakini wangapi hukubali kwamba ni wao waliolivunja? Alimstahi mtoto wake, akaona haya kwa kule kununa.

Akatoka nje, akampigia mwalimu mkuu.

"Mwalimu, ile nafasi mpe mtu mwingine."

"Kwani Wangui amekataa?"

"Hata sijamuuliza," Ndirangu alisema. "Lakini leo nimemwona akifanya kazi."