Hatua Ishirini kutoka Ukingoni

Siku ya tatu Mama Dorothy aliacha kutapika, na hapo ndipo Tamar alipoogopa kwelikweli. Anayetapika angalau ana nguvu za kutapika. Sasa mama mkwe wake alikuwa amelala kimya kwenye kitanda cha wodi, midomo imekauka, dripu ikimwingia kwenye mkono ule ule uliokuwa ukitwanga mpunga wiki iliyopita.

Wodi ilijaa watu wa mafuriko. Mto Tana ulikuwa umerudi njiani mwake ukawaachia watu matope, mbu na kuhara. Mgonjwa anahara, anatapika, kwao kijiji cha Ngao, mtoni. Nani asingesema kipindupindu? Wauguzi walisema hivyo, na Tamar akaitikia. Aliitikia haraka mno.

Aliitikia kwa sababu alijua kilichomlaza mama mkwe wake.

Bibi huyo mgonjwa alikuwa ametamani viazi vitamu. Mafuriko yakipita, watu wa mtoni huenda kufukua viazi vilivyozikwa na matope kabla havijaoza. Jani la kukuonyesha hakuna, basi unahesabu hatua kutoka ukingoni. Mama Dorothy mwenyewe ndiye aliyemfundisha: ishirini, kisha chimba. Tamar akahesabu ishirini, moja baada ya nyingine, wala hakuruka hata moja. Hakujua kwamba mto ulikuwa umemega ukingo, na ukingo wenyewe ulikuwa umesogea hatua kumi kuelekea bara. Ishirini zake zikamvusha shamba lote na kumwingiza kichakani.

Akapata viazi sita vyembamba, vimejipinda kama viwiko. Akajiambia ni matope yamevibana. Akavipika kwa tui, akamwandalia mama mkwe kwanza, kama inavyompasa mke wa mtu. Bibi akala viwili, akasema vina uchungu kidogo, vingine viwekwe. Usiku huohuo tumbo likaanza.

Asubuhi Tamar alikimbia shambani. Pale pale kando ya shimo ulikuwa umebaki mmea mmoja unaotambaa kwa kushikilia vijiti kwa ncha za majani, na juu yake ua jekundu lenye kingo za manjano, petali zimegeukia juu. Ua hilo kila mtoto wa Delta amepigwa kofi kwa kulichezea, maana mizizi yake ni sumu. Aliporudi nyumbani alivitupa vilivyobaki mtoni, akanyamaza.

Usimhukumu upesi. Mwaka mzima, tangu mumewe Jairus aende kutafuta kazi Mombasa, yeye na bibi walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na majirani walizisikia kelele zao mpaka ng'ambo. Nani angeamini hesabu ya hatua? Watu wa mtoni, tusidanganyane, mdomo wanao. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini anayeficha maradhi ya mwenzake? Methali haikumfikia huyo.

Mchana wa siku hiyo ya tatu alikuja Nasteha, tabibu wa zamu, binti wa wafugaji wa nyanda za upande wa juu wa mto. Alikuwa na karatasi ya maabara mkononi.

"Si kipindupindu," alisema. "Na chembe nyeupe za damu zinaporomoka. Tamar, mama alikula nini?"

"Wali, daktari. Na samaki."

Nasteha alimtazama bibi, akamtazama tena Tamar. "Sawa. Lakini ujue natibu gizani. Kesho saa hizi pengine sitakuwa na mtu wa kutibu."

Tamar aliivuta shuka akamfunika bibi mabega. Akalisema lote: hatua, shimo, ua jekundu.

Nasteha alikaa chini. "Ua hilo limetuulia ng'ombe wengi kwetu," alisema. "Siku mbili, dada! Ningejua siku ya kwanza, ningempa mkaa wa dawa uinyonye sumu tumboni. Sasa imeshaingia kwenye damu."

"Inamfanya nini?"

"Kila seli ya mwili ikitaka kugawanyika hujenga nyuzi ndani yake, nyembamba kupita zote unazozijua, zenye uwazi kama mrija. Nyuzi hizo huvuta vinasaba vya urithi nusu huku, nusu kule, kama watu wawili wanaovuta wavu. Ndipo zinapatikana seli mbili. Sumu hii huzuia nyuzi zisijengeke. Seli inakwama katikati, na ikikwama sana inakufa. Utumbo na damu hujijenga upya kila siku, kwa hiyo ndivyo vinavyoumia kwanza."

"Dawa yake?"

"Hatuna. Tunamshikilia kwa maji na kumkinga na maambukizi, mpaka nyuzi zijengeke tena. Zikijengeka."

Siku tano Tamar hakulala usingizi wa maana. Alimwangalia bibi akipumua, na kila pumzi ilipochelewa alimwekea kiganja kifuani. Aliona ndani ya mwili ule maelfu ya nyavu, na hakuna wa kuzivuta. Ni yeye aliyewaondoa wavutaji.

Asubuhi ya siku ya tisa alipomwinua bibi amwoshe, nywele zilibaki kwenye mto wa kulalia. Si chache, fungu zima la mvi. Akagusa kichwa, zikamjaa kiganjani. Tamar alipiga yowe wodi nzima ikageuka.

Nasteha alikuja mbio, akaona, akashusha pumzi. "Hizo zilikwama wiki iliyopita, ila zimekawia kuanguka. Nazo ni seli zinazogawanyika kwa haraka. Zitaota. Chembe nyeupe za damu leo zimepanda, Tamar. Zimepanda mara mbili."

Tamar alikaa sakafuni akalia kama mtoto. Bibi alipofungua macho, alimwambia yote kwa sauti ya chini: kwamba alichimba kichakani, na kwamba alijua tangu asubuhi ya kwanza akanyamaza siku mbili kwa hofu ya watu. Mama Dorothy alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba maji ya kunywa.

Jioni alifika Zachary, ndugu mdogo wa Jairus, na wazee wawili wa kanisa nyuma yake. Hakuketi.

"Mama, tumesikia ni mizizi ya sumu. Nani aliichimba?"

Tamar alifungua mdomo. Bibi akamtangulia, kwa sauti iliyokwaruza.

"Mimi. Uzee, macho hayaoni. Huyu alinikataza, nikamtukana. Mnataka nini tena?"

Zachary akamtazama shemeji yake, akawatazama wazee. Akaomba msamaha kwa lile alilolifikiria, wakasali, wakaondoka.

Tamar alipiga magoti kando ya kitanda. Mama Dorothy alimshika kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Kuchimba nimekubebea," alisema. "Zile siku mbili utazibeba mwenyewe."