Beringi ya Mkokoteni wa Shamis

Nunow alinusa chuma kinachoungua kabla hajauona moshi.

"Simamisha gari!"

"Hapana," alisema Kinoti, afisa wa maafa, akizidi kukanyaga mafuta. "Kuna watu majini, fundi."

Kana kwamba Nunow hajui! Mmoja wa watu hao ni Sirad, dada yake wa tumbo moja. Alimpigia saa sita akiwa juu ya kichuguu shambani kwake, watoto wawili mikononi, maji magotini. Kisha simu ikakatika.

Nunow akavuta breki ya mkono. Nyuma, trela ya boti iliyumba, ikatulia. Gurudumu la kushoto lilikuwa limelala upande kama mguu wa ngamia uliovunjika. Alipofungua kikombe chake, kile kifuniko cha beringi, grisi ilitoka nyeupe, imekorogana na maji kama chai ya maziwa. Beringi ilikuwa imesagika.

Hakushangaa. Mafuriko yaliyopita aliwaambia watu wa maafa: trela ikitoka safari, beringi zina moto, ukizitumbukiza mtoni hivyo hivyo, zinanyonya maji. Ukirudi, fungua, osha, paka grisi mpya. Wakamjibu kwamba fundi wa mtaa wa Galbet hana cheti. Mkubwa mmoja alipokuja na kamera zake, wakaipaka trela rangi ya buluu mpaka kwenye nati. Rangi, jamani!

"Tupige simu mjini walete nyingine," alisema Kinoti, sauti imempungua.

"Wataleta kesho, pamoja na fomu ya kujaza."

Waendesha boti wawili waliokaa nyuma hawakucheka.

Ndipo ulipotokea mkokoteni wa punda, umebeba madumu ya maji, na Shamis muuza maji akitembea kando. Nunow ndiye aliyemuundia, kwa ekseli ya gari kuukuu, saizi ile ile ya trela. Akamweleza mambo ya Sirad kwa maneno machache, akamwomba beringi.

Shamis aliitazama trela, kisha akamgeukia Kinoti, kila "p" ikigeuka "b" mdomoni mwake. "Serikali iko na boti, mimi niko na bunda. Kila Ijumaa nabaka grisi, sababu bunda ikichoka, watoto yangu nalala njaa. Wewe mkubwa, ulibaka grisi lini?"



"Toa, walaal, ndugu yangu," Shamis akamwambia Nunow. "Lakini huyu nabaki hapa, nashika kamba ya bunda mpaka kitu yangu irudi."

"Mimi? Mimi ndiye kiongozi wa—"

"Warya! Shika!"

Akashika.

Beringi ya mkokoteni ilipoingia kwenye trela, Nunow aliendesha mwenyewe. Walipofika ukingoni, kichuguu kilikuwa hakionekani tena. Sirad alionekana kuanzia kifuani, mtoto mmoja mabegani, mwingine kamkumbatia shingo.

"Rudisha trela majini, haraka!" alipaza sauti mwendesha boti mmoja.

Nunow akagusa kikombe cha gurudumu. Kilimchoma kiganja. Akiitumbukiza beringi sasa ikiwa na moto, haitamaliza siku, na vijiji vitatu bado vinangoja boti hii hii.

"Hapana. Tuishushe boti hapa, tuikokote."

"Ni dada yako yule!"

"Kokota!"

Waliikokota kwenye matope hatua arobaini, mabega yakiwaka, Nunow akikwepa kutazama mbele. Injini ilipowaka, alipanda nao.

Walipomfikia, Sirad hakumsalimu. "Mbona mlikawia pale?" aliuliza, akimpa mtoto mdogo, meno yakigongana.

Nunow alimfunika mtoto kwa shati lake. "Ili tuweze kurudi tena kwa wale wengine," alisema.