Vitrine ya Mijusi ya Marie-Thérèse

Mambo yote iliharibika siku ya kazi mbili, njo Jumanne, tarehe 13 ya mwezi wa tano 2025, saa ine ya asubuhi. Saa ile courant, umeme, ilikatika ku hopitali, mashini ya hewa ikanyamaza, na Marie-Thérèse, bibi ya ndoa ya Donat, akafungua kinywa sawa samaki ku meza ya soko. Groupe, mashini ya kuzalisha courant, ilikuwa pale inje, kubwa sawa nyumba, lakini mazout, mafuta yake, hakukuwa. Mazout ya bagonjwa, bakubwa ba hopitali banaitiaka mu magari yao: ile, hakuna mutu atamutoshea Donat mu kichwa.

Kilio ikaisha. Mulamu yake Chileshe, ndugu ya marehemu, akakamata ufagio ya kusafisha nyumba. Akaona mijusi mbili ku ukuta, juu ya kitanda ya marehemu.

"Mulamu, unafuga buloji?"

"Ni ya dada yako. Acha."

"Dada yangu alikuwa mukristu!"

"Na hizi zinakulaka mbu tu. Nyinyi mulikula mbuzi mbili mu kilio na hamukushiba."

Chileshe akaapa kurudia siku ya posho, Jumamosi, na bamama ba kanisa, na ufagio kumi.

Miaka mbili Marie-Thérèse alilala mu nyumba na ugonjwa ya mapafu. Batu baliacha kuja kumuona, mijusi haikuacha. Aliziita Monsieur na Madame. "Leo Monsieur anachelewa ku kazi," alisemaka, anacheka mpaka kukohoa. Watoto Mungu hakubapa. Kama mijusi inakufa, Donat atabaki na nini mu nyumba yenye bibi yake aliangaliaka na furaha?

Masomo yake iliishia quatrième primaire, darasa ya ine, lakini mikono yake inajua. Akakamata vitrine, sanduku ya vioo yenye Marie-Thérèse alikuwa anauzishia mikate ku barabara. Akatosha kioo ya juu, akapigilia treillis, wavu ya mbu, hewa ipite. Akamwanga muchanga chini. Akasimamisha maganda kavu ya muti, sababu mujusi yenye kuonekana kila saa haikule. Akakamata Monsieur na Madame ku ukuta, akaziingiza. Maji aliweka mu sahani, hazikuiangalia hata. Kisha akakumbuka vile zilikuwa zinalamba umande ku dirisha, akaanza kunyunyiza maji ku kioo na vidole, asubuhi na mangaribi. Ampule ya taa akaifunga ku upande moja, juu ya maganda: huku moto, kule baridi, zichague zenyewe. Kuchagua, Marie-Thérèse hakupataka.

Bamama na ufagio balikuja, bakakuta ukuta mutupu, bakarudia na kinyongo.

Mu juma ya pili Madame akabandika mayai mbili ku kioo, nyeupe, ndogo sawa pipi. Siku ile Donat alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kilio.

Mwezi wa sita, baridi ikaingia mu mifupa, na courant ikaenda. Siku moja, mbili, tatu. Migodi iko nawaka, kwetu giza. Donat akapasha matofali ku mbabula ya makala, akayafunga mu liputa, kitenge ya marehemu, akayasukuma chini ya vitrine. Haikutosha. Madame akawa mweusi, anatembea sawa muzee. Siku ya ine Donat akavaa koti ya kilio, akaenda mu ville, katikati ya muji, ku biro ya courant. Swichi akaiacha wazi, sawa batu yote ya quartier, mutaa yao: ampule ikiwaka, jirani ajue courant inarudia.

Ku guichet, dirisha ya kupokelea batu, binti mumoja, Abigaïl, alikuwa na kaye, daftari ya malalamiko.

"Papa, unalalamikia nini?"

"Mijusi yangu inakufa na baridi."

Mustari yote ya batu ikacheka. Shefu akatokea mu mulango, tumbo mbele.

"Muzee, sisi tuko natafutia migodi courant, wewe unatuletea mijusi?"

"Mijusi ya bibi yangu."

"Basi bibi yako aivike tricot ya baridi!"

Bakacheka tena. Abigaïl peke yake aliinamisha kichwa. Pale pale telefone ya Donat ikalia. Ilikuwa Bénie, jirani yake, anapiga kelele: "Papa Donat, kuya mbio! Courant inarudia na nguvu, mu vitrine yako kunatoka moshi!"

Alikuta Bénie ameshamwanga ndoo ya maji. Courant ilikuwa imerudia na nguvu ya kuua frigo tatu mu avenue. Ampule ilipasuka, cheche zikaangukia maganda kavu. Kivuli yenye alizitengenezea kwa kujificha, njo iliwaka. Monsieur na Madame balikuwa nyuma yake, bamekauka, mutu karibu ya mwenzake. Mayai ilikuwa nyeusi ku kioo.

Kesho yake Donat akabeba vitrine ku kichwa mpaka mu ville, akaiweka ku guichet. Hakuna mwenye alicheka.

"Batu ya frigo, mubalipe," akasema. "Mimi, munipe kaye."

"Papa, niandike nini?" Abigaïl akauliza.

"Nitaandika miye."

Ilimukamata dakika kumi, herufi kubwa sawa za mutoto. Abigaïl akasoma, akaita shefu. Shefu akasoma, akaangalia vitrine, akafunga kaye, akaingia mu biro yake na kufunga mulango. Mwezi wa sita ikaisha, wa saba ikaisha. Kila kazi moja, Jumatatu, Donat anafika ku guichet, anaomba kaye, anakuta mustari yenye aliandika iko peke yake, hakuna jibu, na chini yake karatasi nyeupe:

*Tarehe 13 ya mwezi wa tano, saa ine ya asubuhi, ni nani alikata courant ya hopitali?*