Mama Subiri na Sala ya Dada

Darasa letu la jioni hukaa katika chumba cha watoto wa darasa la kwanza. Viti ni vidogo hadi magoti yanatufikia kifuani, na ukutani kuna picha za wanyama zilizopakwa rangi nje ya mistari. Humo ndimo anamotufundisha mtaalamu wa falsafa na dini za Asia. Anasoma Kisanskriti, Kipali na Kichina cha zamani kama ninavyosoma mimi lebo za nguo pale kwa dobi ninapopiga pasi. Tunamwita Mama Subiri, kwa sababu kila jibu utakalompa atakwambia, "Subiri kwanza."

Ana desturi moja. Huruhusiwi kuikosoa imani ya mtu, wala kuisifu, kabla hujaieleza. Unasimama mbele unaieleza, naye anakaa kwenye kiti kidogo kama muumini wa imani hiyo. Ukikosea anasema, "Huyo si mimi," nawe unafuta ubao na kuanza upya. Hivyo ndivyo alivyoandika kitabu chake kuhusu watawa wa Kibuddha: kila sura aliwasomea wenyewe, na walipotikisa kichwa alifuta. Alikianza akiwa kijana, akakimaliza ana mvi.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeiombea tangu asubuhi. Nilieleza jinsi mtawa anavyoketi mgongo wima, akiifuata pumzi yake inavyoingia na kutoka. "Na katika ukimya ule," nikamalizia kwa furaha, "anazungumza na Mungu."

"Huyo si mimi," akasema Mama Subiri.

"Lakini Mwalimu, mtu aliyetulia hivyo anazungumza na nani?"

"Subiri kwanza. Nani amekwambia anazungumza?"

Fundi bomba, mwanafunzi mwenzetu anayekaa nyuma, akacheka. "Sista, umeshamwongoa mtawa wa watu bila hata kumwuliza!"

Nilifuta ubao huku masikio yakiniwaka. Nilidhani ninampa mtawa heshima, kumbe nilikuwa nimemwondoa yeye nikajiweka mimi.

Nyumbani nilimsimulia dada. Ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na kila jioni nikirudi tunasali pamoja. Nilitegemea atacheka. Akaweka mwiko chini.

"Kwa hiyo wanakufundisha kukaa kimya bila Mungu?"

"Hawanifundishi kukaa, dada. Wananifundisha kuwaelewa wanaokaa."

"Maneno hayo. Leo unaelewa, kesho unakaa. Mimi sikukulea wewe ili uzeeni nisali peke yangu. Nitakuja nimwone huyo mwalimu kwa macho yangu. Nikitoka na wasiwasi, hurudi tena kule."

Hakuwa akitania. Sikuweza kumwasi dada, na sikuweza kufikiria maisha bila darasa lile. Nilimwomba Mungu asinifikishe mahali pa kuchagua.

Akaja kweli. Kiti kidogo alikikataa. "Nikikaa hapo mtanitoa kwa kamba," alisema, akasimama kando ya dirisha, mkoba kaubana kifuani. Hakuzungusha maneno. "Mwalimu, unamfundisha mdogo wangu kuacha sala?"

Mama Subiri hakujitetea. Alichukua chaki. "Mama, leo wewe ndiye muumini, mimi mwanafunzi. Nitaieleza sala yako. Nikikosea, niambie."

Akaanza. Alieleza habari za mwanamke anayeamka kabla ya wenzake na kuwataja watu wake mmoja mmoja, wagonjwa wakitangulia. Alieleza jinsi anavyoshukuru kabla ya kuomba, na aibu ya kuomba tena jambo lilelile la jana. Niliona mkono wa dada ukilegea kwenye mkoba.

"Na mwishoni," akasema Mama Subiri, "moyo wake unatulia. Hicho ndicho anachokitafuta."

"Hapana," akasema dada.

Fundi bomba akainama mbele asikie.

"Moyo wangu hautulii, Mwalimu. Kuna siku nainuka na hofu ileile niliyoanza nayo. Mimi nasali kwa sababu yupo anayesikia. Asingekuwepo, ningelala zangu."

Mtu mwenye elimu ile angeweza kubishana mpaka dada achoke. Mama Subiri aligeuka akafuta ubao wote, si ule mstari wa mwisho tu. "Nimekaa na watu wa kutafakari miaka mingi," alisema, "nikadhani kila mtu anatafuta utulivu. Naomba nianze tena. Safari hii tuanze na anayesikia." Akaanza, polepole, akimwuliza dada kila hatua. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepokea mgeni.

"Je, anasikia hata ukinyamaza?" akauliza Mama Subiri.

Dada akainua kidole. "Subiri kwanza," akasema, na darasa zima likaangua kicheko, yeye mwenyewe akiwemo.

Tulipokaribia mlango wa nyumbani dada akauliza, "Yule mama anasali?"

"Sijui, dada. Hajawahi kutuambia."

"Basi kanifahamu kuliko ninaosali nao."

Tulisali kama kawaida. Dada akawataja wagonjwa, akawataja ndugu, kisha akamtaja Mama Subiri na macho yake yanayochoshwa na vitabu. Halafu akasita, akafumbua jicho moja.

"Na wale watawa? Nikiwaombea afya, hawatachukia?"

"Sidhani. Lakini sina hakika."

"Basi ukienda darasani kamwulize Mwalimu," akasema, akafumba jicho lake. "Sitaki kuwasemea watu."