Ndiyo, Hapana au Ghairi

Kiraka alikuwa na jicho la kuona nukta moja iliyokosekana katikati ya mistari chungu nzima ya msimbo wa kompyuta, lakini hakuona kwamba mama yake alikuwa ameacha kusikia. Waliishi nyumba moja, wakala meza moja, na kila alichosema Kiraka mama alikipokea kwa sauti ya upole: "Eheh." Gesi imeisha, eheh. Fundi bomba hakuja, eheh. Ni neno jema hilo. Linamhakikishia msemaji kwamba wapo pamoja, aendelee tu. Na Kiraka aliendelea. Siku alipomwuliza mama kama chai iongezwe sukari au iachwe vilevile, na mama akajibu "Eheh," ndipo alipoweka kijiko chini na kumtazama vizuri.

"Mama, nimesema sukari au basi?"

"Eheh, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Mama alivaa kifaa cha kusikia katika sikio la kulia. La kushoto lilikuwa limestaafu zamani. Kifaa chenyewe kilikuwa kizima. Kilichovunjika ni mapatano kati yake na sikio, kwa maana sikio la mtu huendelea kubadilika, na kifaa sharti kirekebishwe kulifuata, kama pindo la nguo linavyofumuliwa mvaaji anaporefuka. Kazi hiyo hufanywa kwa programu maalumu, kifaa kikiwa kimeunganishwa na kompyuta kwa waya. Kliniki ya masikio ilikuwa na kompyuta ya kuifanya. Kisha ikaletewa kompyuta mpya, na ile ya zamani ikabebwa kutupwa pamoja na viti vilivyovunjika.

Mtaalamu wa masikio, mwanamke mwenye haya kwa kosa lisilo lake, alimpa Kiraka diski ya programu na waya wake ndani ya bahasha moja.

"Dada yangu, programu hii inaujua mfumo endeshi mmoja tu, ule wa zamani. Kwenye hizi mpya haifunguki. Nimewaandikia watengenezaji, wamejibu kwamba kimefikia mwisho wa maisha yake."

"Kifaa au mama?"

"Wao wameandika kifaa."

Kiraka alikuwa msimamizi wa maabara ya kompyuta katika chuo, kwa hiyo hakukata tamaa upesi. Alitafuta mashine za zamani stoo, akakuta vumbi lenye umbo la mashine. Alijaribu kuuweka mfumo wa zamani ndani ya kompyuta mpya, ukaishi humo kama mpangaji asiyepewa funguo: programu ilifunguka, ikautafuta waya, ikasema hauoni. Waya ulikuwa hapohapo mezani, na skrubu zake mbili zikimeta. Baada ya hapo alifanya wanachofanya mafundi wa kompyuta wanaposhindwa. Alikwenda mtandaoni kucheka.

Jukwaa lao waliliita Kijiweni. Walikuwa hawajaonana ana kwa ana, na walijuana kwa majina ya utani: Dirisha Bovu, Pengwini, yeye Kiraka. Kazi yao ilikuwa kuisengenya mifumo mipya na kuililia ya zamani.

"Kompyuta ya bosi imeamua kujisasisha katikati ya mkutano," aliandika Dirisha Bovu. "Yenyewe imefika asilimia thelathini, bosi amefika mia."

"Hamieni kwetu," aliandika Pengwini, aliyetumia mfumo wa aina nyingine kabisa, kama kawaida yake.

"Pengwini, kwenu hata printa inahitaji kuombwa msamaha."

"Afadhali kuomba msamaha kuliko kuomba ruhusa. Yako mpya inataka uso wako kila asubuhi."

"Inautaka kuliko anavyoutaka mume wangu. Ile ya zamani iliganda, nakubali, lakini iliganda kwa heshima."

Kijiweni palikuwa na desturi moja. Kila watengenezaji walipoitupa programu, mmoja wa wanachama aliiandikia tanzia. Mfumo ule wa zamani ulikuwa bado haujaandikiwa, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake alishafanya hivyo. Kiraka, akiwa na diski isiyofunguka mapajani, aliandika:

*Tanzia. Tunasikitika kutangaza kifo cha mzee wetu, Mfumo wa Zamani, aliyefariki kwa kuachwa na waliomzaa. Ameacha printa moja isiyoongea na mtu. Msiba uko nyumbani kwa Kiraka, geti la kijani, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Maua yasiletwe, leteni nyaya.*

Kosa lake lilikuwa la mtu mpenda ukamilifu. Tanzia isiyotaja mahali pa msiba aliiona kama sentensi isiyo na kitenzi, na kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kutaja, alitaja pake. Wenzake walicheka, wakatuma pole. Geti lilikuwa la kijani kweli, na kiwanda cha magodoro kilikuwepo.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, mgeni alibisha hodi. Alikuwa mzee mnyoofu, mwenye suti ya kijivu iliyopigwa pasi hadi ikawa na kona, na tai yenye picha ya kilima cha kijani chini ya anga la buluu, ileile iliyokuwa ikipamba skrini za mfumo wa zamani. Alisimama mlangoni, akasubiri kidogo zaidi ya kawaida, kisha akasema:

"Nimeambiwa msiba uko hapa."

"Ndiyo, mzee. Shikamoo. Karibu ndani."

"Marahaba. Nani amefariki?"

Kiraka hakuwa na mazoea ya kuwadanganya wakubwa. "Ni wewe, mzee."

Mgeni alilipokea jambo hilo bila kubadilika uso. Katika jicho lake la kulia kilionekana kijisaa cha mchanga, kama cha kompyuta inayofikiri, kikijigeuza juu chini, juu chini. Kilipotulia, aliuliza:

"Una hakika?"

Kiraka alimtazama kutoka viatuni hadi kwenye tai. "Hapana," alisema.

"Nashukuru," alisema mzee, akaingia, akaketi.

Mama alitoka chumbani na kanga begani, akamwona mgeni, akaenda kumpa mkono. Kwa desturi yake alizungumza kwanza, ili asilazimike kujibu. Alisema jua ni kali, alisema karibu sana, alisema nyumba ni yake. Mzee alimwita Mtumiaji na kumwuliza hali yake, na mama akasema "Eheh." Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kiraka, aliyekwenda kuchukua maji ya kunywa, alirudi akamkuta bado anatazama, kijisaa kinazunguka, na mama amekwisha kuanza kuchambua mchele.

"Ameganda?" Kiraka aliuliza hewani.

"Anapumzika," alisema mama, ambaye hakuwa amesikia swali lakini alimwona mgeni. "Mwache. Safari ni safari."

Walimwacha. Alipozinduka aliendelea palepale. "Jibu lako halitambuliki," alimwambia mama, na kwa kuwa maneno yake hujitokeza pia kifuani, katika kisanduku cha kijivu juu ya tai, mama aliweza kuyasoma. Akayasoma mara mbili, akarudi kwenye mchele.

Hapo ndipo Kiraka alipoona ubavuni mwa koti, chini kidogo ya mfuko, tundu pana lenye matundu mawili ya skrubu kandokando. Alileta ile bahasha.

"Mzee, samahani kwa kukukalisha kisha nikakutuma. Nina programu hapa haitaki kumsikia mtu isipokuwa wewe."

"Iweke," alisema mzee, akafungua mfuko wa kifuani.

Diski iliingia. Alivuma kwa ndani kama friji la jirani. Kiraka alipiga magoti, akachomeka waya ubavuni, akaikaza skrubu ya kwanza, kisha ya pili. Ncha nyingine aliiunganisha na kifaa sikioni mwa mama, aliyeinamisha kichwa na kutulia kama anayesukwa nywele.

"Nimekuta kifaa kipya," alitangaza mzee. "Niendelee?"

"Endelea, mzee wangu, nakuomba."

"Ndiyo, Hapana au Ghairi?"

"Ndiyo."

Programu hupima kwanza, ndipo irekebishe. Hutuma mlio sikioni na kuuliza kama umesikika. Kisanduku cha kijivu kilitokea kifuani pa mzee: *Umesikia mlio huu?*

"Eheh," alisema mama.

*Jibu halitambuliki. Ndiyo, Hapana au Ghairi?*

Mama alicheka kidogo, akamtupia binti yake jicho. "Eheh, mwanangu. Vizuri tu."

*Jibu halitambuliki. Ndiyo, Hapana au Ghairi?*

Binadamu yeyote angemhurumia. Majirani walikuwa wamemhurumia, na muuza duka, na watu wa ibada, na binti yake pia, ambaye kila siku aliipokea ile eheh na kujiendea zake kazini akiwa ameridhika. Mzee wa suti ya kijivu hakuwa na sehemu ya kufanyia hivyo. Alikuwa na nafasi ya majibu matatu tu, na alikuwa tayari kusubiri hadi umeme ukatike. Mchanga ulijigeuza katika jicho lake. Mama alitazama kisanduku, akatazama sinia la mchele, akalisukuma kando.

"Hapana," alisema.

Kisanduku kilifutika, kikaja kingine.

"Hapana," alisema tena, na sauti yake ikapanda. "Hata huo sijausikia. Hata ule wa kwanza. Wewe mtoto unaniambia habari zako za kazini kila jioni, mimi naangalia mdomo unavyocheza, nasema eheh, maana niliona nikikukatiza utachoka kunisimulia. Sijui hata bosi wako anaitwa nani. Hapana. Andika hapana."

Mzee aliandika hapana. Baada ya hapo alikwenda haraka, kwa kadiri ya haraka aliyoijua: mlio mzito, mlio mwembamba, ndiyo ya kwanza, hapana, ndiyo, ndiyo. Kiraka alikaa sakafuni ameushika waya usije ukalegea, ingawa skrubu zilikuwa zimekazwa.

*Hifadhi mabadiliko?*

"Ndiyo," alisema mama, kisha akageuza kichwa upande wa jikoni. "Kumbe friji letu linalia hivi?"

"Lina muda sasa, Mama."

"Mbona linakoroma kama mlevi? Mwite fundi." Akamgeukia binti yake. "Na wewe una nini? Una mafua?"

"Eheh," alisema Kiraka, akijifuta pua kwa kiganja.

"Jibu halitambuliki," alisema mzee.

"Hapana," alisema Kiraka. "Sina mafua."

Mama alimvuta, akamlaza kichwa mapajani pake, kwenye vumbi la mchele. Kisha akamkabili mgeni. "Na wewe, baba, nimekusikia vizuri sasa. Umeniita nani?"

"Mtumiaji."

"Mimi ni Mama."

"Badilisha jina la mtumiaji kuwa Mama?"

"Ndiyo," alisema mama, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuuzoea utaratibu.

Kabla ya jioni Kiraka aliandika Kijiweni: "Marehemu amefika msibani."

"Amekula?" aliuliza Pengwini.

"Hali. Anavuma tu."

"Mwambie asithubutu kujisasisha sebuleni kwa watu," aliandika Dirisha Bovu. Kisha akaongeza: "Kiraka, ana tundu la printa?"

Alikuwa nalo, mgongoni. Dirisha Bovu alifika Jumamosi; alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana, aliyeshusha kutoka kwenye gari mashine ya kudarizi ambayo kampuni iliyoiunda ilikuwa imeisahau. Mzee alizungumza na mashine hiyo kwa utulivu, kupitia tundu la mgongoni, na kabla chai haijapoa ilikuwa inashona maua. Pengwini alikuja na kiburi chake na mikono mitupu, akasema amepita tu, akakaa hadi machweo akimwuliza mzee maswali. Walitofautiana katika kila jambo, wakaagana kwa kupeana mikono.

Mtaalamu wa masikio naye alisikia. Hakuuliza mengi, alianza kuwaelekeza watu geti la kijani. Walikaa barazani na vifaa vyao vidogo vilivyofungwa kwenye leso: mwalimu wa hesabu, mshona viatu, bibi mmoja aliyekuja na wajukuu ili wamsikie akiwasikia. Waliombwa kuzima simu kabla ya kuingia, kwa sababu mzee hakuwa na chanjo ya mambo ya siku hizi. Akiganda, walimngoja. Mama ndiye aliyepanga foleni, na mtu akijibu "Eheh" alimsahihisha kabla mzee hajamsahihisha.

Kiraka aliwaandikia watengenezaji barua ndefu, yenye adabu na vipimo vyote. Alieleza kwamba kifaa kimerekebishwa na kinafanya kazi vizuri kabisa. Aliomba waiachie programu iwe huru, mafundi waweze kuirekebisha, ili wengine wasilazimike kusafiri hadi nyuma ya kiwanda cha magodoro. Walimjibu upesi. Walimshukuru kwa uaminifu wake wa miaka mingi, wakamjulisha kwamba kifaa hakifanyi kazi, wakamwambatishia picha ya kipya. Aliandika tena, nao wakamshukuru tena. Mwezi uliofuata waliitangazia mwisho wa maisha aina nyingine ya kifaa, iliyokuwa changa zaidi, na foleni barazani ikafika getini.

Mzee amepewa chumba cha nyuma, chenye dirisha la kuingiza hewa. Seremala ameongeza benchi la pili barazani. Mama amenunua simu, na kila baada ya chakula cha mchana humpigia dada yake aliye mbali, wakagombana kuhusu ni nani kati yao aliyekuwa kipenzi cha baba, hadi chaji inapokwisha.