Jina Kwenye Ukingo wa Lady Morven

Naapa kwa kaburi la mama, na la baba kama hilo moja halitoshi: haya yote ni kweli tupu.

Nilikuwa mhudumu kwenye Lady Morven, meli iliyoundwa kwenye karakana ya meli ya hapa hapa kwetu Clydebank. Kabla ya vita niliwapelekea matajiri supu. Vita vilipokuja ikapakwa rangi ya kijivu, kuanzia dohani hadi mbao za ukingo. Ukumbi wa dansi ukajazwa vitanda, sita kwenda juu, na askari elfu kumi wakawa wanalala kwa zamu. Mmoja alikosa nafasi akalala ndani ya piano hadi Afrika. Kila akikoroma, ilipiga wimbo wa mazishi.

Hiyo ya piano niliisimulia Alhamisi moja kwenye klabu ya wastaafu wa karakana. Meza yetu ina sheria: anayeshikwa na uongo hununulia meza nzima pai za nyama. Wote walicheka isipokuwa Ishbel Tulloch. Mumewe, Murdo, alipanda meli ile wiki sita baada ya harusi, akafia jangwani kabla hata barua yake moja haijafika. Miaka thelathini Ishbel amemuuliza kila baharia swali lile lile.

"Rankine, ulimwona Murdo wangu?"

"Nilimwona," ulimi ukasema wenyewe.

"Mbona umenyamaza miaka yote hii?"

"Nilikuwa natafuta ushahidi, bibie."

Alhamisi iliyofuata nikamletea kipande cha ukingo wa sitaha, nilichokinunua meli ilipokatwa kuwa chuma chakavu. Kimechongwa ISHBEL.

"Aliegemea hapo siku tatu, maskini, na kisu chake. Akasema, 'Mwambie simsahau.'"

Ishbel akavaa miwani. Akapitisha kidole gumba ndani ya herufi, polepole, moja baada ya nyingine.

"Rankine, mimi nilikuwa nafanya kazi gani karakana?"

"Si kupaka mbao vanishi? Wewe na wale wasichana wenzako."

"Ukingo huu niliupaka mimi. Vita vilipokwisha, nikaukwangua kijivu na kuupaka upya. Askari walikuwa wamechonga majina kila mahali. Niliyasafisha kwa sindano, moja moja, nikitafuta langu. Kijivu hakikutoka chote. Kilibaki ndani ya kila mkato." Akanisogezea ubao. "Herufi zako hazina hata chembe. Zimekata vanishi yangu ya baada ya vita."

"Kashikwa!" akaropoka mzee Lachlan wa meza yetu, kisha akainamia kikombe chake.

"Sasa sema kweli," Ishbel akasema. "Ulimwona?"

"Sikumwona. Walikuwa elfu kumi, Ishbel. Nilikuwa naangalia mabakuli ya supu yasimwagike. Nyuso sikuziangalia."

Ishbel akauviringisha ubao ndani ya skafu yake, akautia mkobani.

"Umechonga vibaya," akasema. "Haya, lipa."

Tulikuwa watano mezani. Nikaenda kaunta, nikanunua pai sita. Ile ya sita, ya Murdo, niliiweka mezani mbele ya kiti kitupu, mkabala na Ishbel, na hakuna aliyeigusa hadi ilipopoa.