Kengele ya Dawa na Jenereta ya Mwenye Nyumba

Dobi wa chumba cha mbele ndiye aliyeleta maneno kwamba jenereta ya mwenye nyumba inakula saa. "Ikianza kunguruma tu, saa yangu ya umeme inazubaa," alisema. Wapangaji wenzangu walicheka. Mimi yalinikaa rohoni, maana baba watoto ana kifafa na vidonge vyake havitaki kuchelewa.

Binti yangu, fundi redio, alikuwa amemtengenezea baba yake kengele ya dawa. Ilichomekwa ukutani jikoni, ikahesabu wakati kwa mapigo ya umeme wenyewe, hamsini kila sekunde. Umeme ukikatika, tulisubiri jenereta, tukairekebisha kengele kwa saa ya simu.

"Mapigo ya umeme hayakosei, mama."

"Na ya jenereta?"

"Umeme ni umeme. Usimsikilize dobi, huyo ana ugomvi na kila kitu kisicho pasi."

Macho yangu hayakutulia. Mwenye nyumba nilimwona akiinamia jenereta, bisibisi mkononi. Anafanya nini pale? Nikauliza, akanijibu, "Shemeji, pika." Nikazidi kumshuku.

Kisha jioni moja, jenereta ikinguruma tangu asubuhi, mkono wa baba watoto ukaanza kumcheza, kikombe kikaanguka. Kengele kimya! Nikatazama simu: saa ya dawa ilishapita. Nikampa kidonge mbio mbio.

"Siku nikifa," akasema akitabasamu kwa shida, "msingoje kengele ndipo mnizike."

Binti hakucheka. Aliweka simu kando ya kengele, akakaa akizitazama. Kengele ikabaki nyuma, ikabaki nyuma zaidi. Akamfuata mwenye nyumba.

"Nimeipunguza kasi isinywe mafuta," yule akasema. "Taa si zinawaka?"

Binti akashika kichwa. Mashine ikienda taratibu, mapigo yanapungua, na kengele inadhani muda haujafika.

Bosi wake wa karakana akamshauri apime muda kwa rizista na kapasita, vipande vya redio vya bei rahisi. Akakataa: joto la jikoni kwetu lingezichezea. Akaweka kristali, kile kidude kinachopiga ndani ya saa za mkononi, na betri yake. Inakwenda vizuri. Hata hivyo bado naichungulia.

Wewe unayetengenezewa kengele ya dawa, epuka:

Kuhesabu wakati kwa umeme wa jenereta.
Rizista na kapasita karibu na jiko.
Kristali iliyong'olewa kwenye kifaa kilichoanguka, huenda imepasuka ndani.
Kuiamini kabla hujailinganisha na simu, umeme ukiwepo na usipokuwepo.